Homa na vipele kwa mtoto: vimetoka siku ya ngapi, na vilianzia wapi? (Uzi wa Kanda ya Ziwa)

TabibuNyamagana #1

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wenzetu walioko zahanati na maduka ya dawa muhimu, kuanzia Buhongwa mpaka visiwani, na wazazi wanaopenda kuelewa.

Huku kwetu mtoto akichemka na kutoka vipele, neno la kwanza ni "surua" na la pili ni "malaria imempanda". Pima malaria kila mara, hilo halina mjadala. Ila kipimo kikitoka chanya usiishie hapo, kwa sababu kando ya ziwa mtoto anaweza kuwa na vimelea vya malaria na wakati huohuo akawa na kirusi kinachomletea homa. Maswali yanayofungua ugonjwa ni mawili: homa ilianza lini hadi vipele vikatoka, na vilianzia sehemu gani ya mwili.

Naanza na surua maana ndiyo inayoua. Kirusi chake ni cha RNA, kina utando wa mafuta kwa nje, na kinaingia kwa hewa. Kikifika mapafuni kinazikamata seli za kinga kupitia kipokezi kinachoitwa SLAM, nazo zinakibeba hadi kwenye tezi. Huko kinazaliana siku kama 10 mama haoni lolote. Kisha kinatoka kwenye damu na kuingia kwenye ngozi ya ndani ya njia ya hewa kwa kipokezi kingine, nektini-4, na hapo mtoto anaanza kukohoa na kukisambaza. Ndiyo maana homa, kikohozi, mafua na macho mekundu hutangulia siku 2 hadi 4 kabla ya kipele cha kwanza. Mtoto aliyelala mzima akaamka na vipele, bila macho mekundu wala kikohozi, mfikirie ugonjwa mwingine.

Siku moja au mbili kabla ya vipele kuna madoa ya Koplik. Washa tochi, vuta shavu kwa kijiti, angalia mkabala na magego: vidoa vyeupe vidogo kama chembe za chumvi juu ya wekundu. Ukifika umechelewa vimeshapotea, kwa hiyo kutoviona hakuondoi surua.

Vipele vinaanza nyuma ya masikio na kwenye ukingo wa nywele, vinashuka usoni, shingoni, kifuani, na baada ya siku 3 hivi vinafika miguuni. Kwenye ngozi yetu nyeusi usitafute wekundu wa kwenye picha za vitabu. Mwinamishe mtoto dirishani mwanga umpige kwa ubavu, pitisha kiganja: utasikia ukwaru, na ngozi imekuwa nyeusi zaidi. Baadaye inabanduka kama pumba.

Jambo moja wengi hawalijui. Vipele vya surua ni kazi ya kinga ya mtoto ikishambulia seli za ngozi zenye kirusi. Maneno ya "surua isipotoka nje inabaki tumboni" yanawafanya watu wamfunike mtoto blanketi na kumnyima maji. Mtoto mwenye utapiamlo mkali au VVU anaweza kuwa na surua kali mno na vipele vichache, kwa sababu kinga yake haina nguvu ya kuvitoa. Huyo ndiye wa kukimbizwa hospitali.

Anaambukiza siku 4 kabla ya vipele na siku 4 baada yake. Hewa ya chumba inabaki na kirusi hadi saa 2 baada ya yeye kuondoka. Benchi la kliniki ya watoto, lenye vichanga wanaosubiri chanjo, ndiyo sehemu mbaya kuliko zote ya kumketisha. Apokelewe nje, barazani au chini ya mti, aonwe hukohuko.

NesiWaKisiwani #2

Asante daktari. Niongezee vitamini A, maana hapa ndipo macho ya watoto yanapoponea au kupotelea.

Kila mtoto mwenye surua anapata dozi 2, leo na kesho, hata kama alishapewa kwenye kampeni ya karibuni. Chini ya miezi 6 ni yuniti 50,000 kila dozi. Miezi 6 hadi 11 ni 100,000. Mwaka 1 na kuendelea ni 200,000. Vidonge vyetu vya kawaida: cha bluu ni 100,000, chekundu ni 200,000. Kata ncha, minya mdomoni, usimpe mtoto mdogo akimeze kizima. Kwa wa chini ya miezi 6, hesabu matone ya cha bluu kwanza, umpe nusu. Akiwa na dalili za macho (weupe kwenye mboni, kutoona jioni) anapata ya tatu baada ya wiki 2 hadi 6.

Kosa linaloonekana sana ni kumpa dozi ya leo na kumwambia mama arudi kesho, ilhali anarudi kisiwani na mtumbwi wa saa nane. Mkabidhi ya kesho mkononi, mwonyeshe jinsi ya kuminya.

Macho: osha kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa, paka marhamu ya tetrasaikilini mara 3 kwa siku. Msiweke juisi ya majani, mkojo, wala matone yenye steroidi kutoka dukani. Kioo cha jicho tayari kimelainika kwa kukosa vitamini A, na kidonda kidogo tu kinatoboa.

Rufaa ya haraka: kashindwa kunywa, kalegea sana, degedege, anakoroma akivuta pumzi hali katulia, vidonda vya mdomo vyenye kina, jicho limeingia ukungu, au mbavu zinabonyea.

DukaLaDawa_Igoma #3

Dada nesi, mtoto aliyechanjwa miezi 9 anaweza kupata surua? Wazazi wanatuuliza kila siku, wengine wanaona chanjo ni ya bure tu isiyo na kazi.

TabibuNyamagana #4

Anaweza. Dozi moja ya miezi 9 inakinga takriban watoto 85 kati ya 100. Hao 15 si kwamba chanjo ilikuwa mbovu. Wengi bado walikuwa na kingamwili za mama, nazo zikaiua chanjo kabla haijafanya kazi, kwa vile hiyo ni kirusi hai kilichodhoofishwa. Ndiyo sababu ya dozi ya pili ya surua na rubela miezi 18, na ndiyo inayorukwa sana, kwa sababu mtoto ameacha kupimwa uzito na mama ameiweka kadi sandukuni. Kadi ikija dukani kwako, mkuu, tazama mstari wa miezi 18.

Na aliyekaa na mgonjwa bila kuchanjwa, akiwa na miezi 6 au zaidi, chanjo ndani ya saa 72 inaweza kuuzuia ugonjwa au kuupunguza. Akichanjwa kabla ya miezi 9, dozi hiyo haihesabiwi. Atarudia zote mbili kwa ratiba.

Surua ina ubaya mwingine: inaua seli zilizokuwa zinakumbuka magonjwa ya zamani. Mtoto aliyepona anabaki dhaifu kwa miezi mingi, anaugua nimonia na kuhara alikokuwa amekuzoea. Mfuatilieni uzito baada ya kupona.

MaabaraKirumba #5

Upande wa sampuli. Kila mtoto mwenye homa na vipele visivyo na maji, pamoja na kikohozi, mafua au macho mekundu, anajaziwa fomu na kutolewa damu. Tunatafuta kingamwili za IgM, zile zinazotokea mwanzoni mwa ugonjwa. Siku 3 za mwanzo za vipele, kingamwili hizo zinaweza kuwa bado hazijafika kiwango cha kuonekana, kwa hiyo hasi ya siku ya kwanza isikutulize. Zinapatikana hadi siku 28. Usufi wa koo unachukuliwa mapema, maana kirusi chenyewe kinaondoka haraka.

Damu iache igande, tenga majimaji ya juu, yakae nyuzi 2 hadi 8. Usigandishe damu ambayo haijatengwa: chembe zinapasuka, majimaji yanakuwa mekundu, sampuli inakataliwa. Hili linatokea sana kwenye sampuli zinazovuka ziwa ndani ya boksi lililojazwa barafu kupita kiasi. Andika tarehe ya vipele kutoka, si tarehe ya kufika kituoni tu. Bila hiyo majibu hayasomeki.

MamaLulu_Nyegezi #6

Shikamooni. Mimi ni mlezi wa watoto shuleni, darasa la awali. Kuna homa inapanda sana siku tatu au nne, wazazi wanachanganyikiwa, kisha homa inashuka ndipo vipele vinatoka na mtoto anacheza. Hiyo nayo ni surua?

TabibuNyamagana #7

Marahaba mama. Hapana. Homa kushuka kwanza, kisha vipele vya kifuani na mgongoni kutoka, hiyo ni rozeola. Inaletwa na kirusi cha jamii ya herpes namba 6, hasa kati ya miezi 6 na miaka 2. Surua ni kinyume chake: vipele vinatoka homa ikiwa juu kabisa.

Rozeola yenyewe haina shida, shida ni degedege wakati homa inapanda. Mlaze ubavu, legeza nguo, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, angalia saa. Ikipita dakika 5 ni hospitali. Hata ikikoma mapema apelekwe, kwa sababu huku kwetu degedege ni malaria kali au homa ya uti wa mgongo mpaka vipimo viseme vingine.

Parasetamoli ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, kila saa 6. Ile ya maji mara nyingi ina miligramu 120 kwenye mililita 5, kwa hiyo mtoto wa kilo 10 anapata mililita 5. Soma chupa, zipo zenye nguvu zaidi. Aspirini watoto wasipewe, hasa wenye tetekuwanga au mafua, inaharibu ini na ubongo.

ClinicianMagu #8

Nimesubiri mtu ataje hili, sijaona: parvovirusi B19. Kwa Kanda ya Ziwa, yenye watoto wengi wenye selimundu (ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu), nadhani linastahili nafasi kuliko yote baada ya surua.

Kwa mtoto mzima ni ugonjwa mdogo. Homa nyepesi, siku kadhaa baadaye mashavu yanawaka kana kwamba kapigwa kofi, kisha vipele vya kama wavu mikononi na mapajani. Kwenye ngozi nyeusi mara nyingi hakionekani chochote na unapita bila jina.

Kirusi hiki ni kidogo mno, cha DNA ya uzi mmoja, hakina utando, na kinaweza kuzaliana karibu tu ndani ya seli zinazogawanyika haraka kwenye uboho, zile zinazotengeneza chembe nyekundu. Kinazishika kwa kipokezi chake na kuziua. Uzalishaji unasimama kwa siku 7 hadi 10. Mtu mwenye damu ya kawaida, ambaye chembe zake zinaishi siku 120, hasikii kitu. Mwenye selimundu chembe zake zinaishi siku 10 hadi 20 tu. Kiwanda kikifungwa wiki nzima, himoglobini inaporomoka, na mtoto aliyekuwa na 7 anafika na 3, mweupe, anahema, moyo unaenda mbio.

Sasa jinsi ya kutenganisha. Mtoto wa selimundu aliyeishiwa damu ghafla ana njia tatu kubwa: malaria, bandama kumeza damu, na parvo. Malaria kipimo kitasema. Bandama ikimeza damu, imevimba, unaishika chini ya mbavu na inauma, na chembe changa za damu (retikulosaiti) ziko juu, uboho unahangaika kufidia. Parvo: bandama haijaongezeka kuliko kawaida yake, macho si ya njano zaidi, na retikulosaiti ni karibu sifuri. Hesabu hiyo ya retikulosaiti ndiyo inayoamua, na maabara ya kituo cha afya inaweza kuifanya kwa rangi na darubini. Iombeni kwa maandishi, maana haimo kwenye kipimo cha kawaida cha damu.

Tiba ni damu, ya chembe pekee ikiwezekana, mililita 5 hadi 10 kwa kilo, polepole ndani ya saa 3 hadi 4. Usikimbilie kuijaza: moyo uliokwisha kuzoea upungufu unazidiwa na maji. Mara nyingi uboho unaamka wenyewe baada ya wiki.

Halafu ulizeni ndugu zake. Wenye selimundu nyumba moja huanguka wote ndani ya wiki 2 au 3, mpimeni na aliye mzima wa afya. Na mtoto wa kawaida akishatoka vipele haambukizi tena, bali huyu wa selimundu aliyelazwa bila damu ana kirusi kwa wingi. Asihudumiwe na nesi mjamzito, maana kirusi hicho kinaweza kummalizia damu mtoto aliye tumboni.

NesiWaKisiwani #9

Daktari hapo juu umegusa penyewe. Wengine hapo wodini wanaandikiwa "malaria, anemia kali" na basi.

DukaLaDawa_Igoma #10

Na kuhara je? Kwetu mama anakuja kuomba "dawa ya kufunga tumbo".

ClinicianMagu #11

Usimuuzie mkuu. Kwa mtoto wa chini ya miaka 2 anayeanza kutapika, kisha siku hiyo au kesho yake akahara maji tupu na homa, fikiria rotavirusi. Ruth Bishop na wenzake waliiona Melbourne mwaka 1973. Ina vipande 11 vya RNA ya nyuzi mbili ndani ya tabaka tatu za protini, haina utando wa mafuta, kwa hiyo dawa za mikono za spiriti zinaipunguza tu. Sabuni na maji yanayotiririka ndiyo yanayoiondoa.

Inaua seli za ncha za vinyweleo vya utumbo, zile zinazofyonza, na inatoa sumu ya protini inayousukuma utumbo umwage maji. Ukifunga tumbo maji yanabaki ndani ya utumbo, mtoto anakauka huku nepi ni kavu. Lakini mlango unaoingiza sukari na chumvi pamoja bado unafanya kazi, na ndiyo siri ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji.

Pakiti moja ni ya lita 1. Makosa yako hapa: mama anaitia yote kwenye chupa ya soda ya nusu lita, chumvi inazidi. Au kwenye chupa ya lita moja na nusu iliyojaa, inakosa nguvu. Mwambie chupa 2 za nusu lita, ama ile kubwa ijazwe theluthi mbili. Maji ya ziwa yachemshwe kwanza, yapoe. Baada ya saa 24 mwaga.

Mtoto mwenye macho yaliyozama, anayekunywa kwa pupa, na ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi taratibu, anapata mililita 75 kwa kilo ndani ya saa 4. Wa kilo 8 ni mililita 600, yaani 150 kwa saa. Hiyo ni kijiko cha chai kila dakika 2. Akitapika, subiri dakika 10, endelea polepole zaidi. Akiwa amelegea, hawezi kunywa, na mfinyo unakawia zaidi ya sekunde 2, ni dripu mara moja, na njiani anapewa kwa mrija, au kwa kijiko kama anaweza kumeza.

Zinki: nusu kidonge cha miligramu 20 chini ya miezi 6, kizima kuanzia hapo, siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma siku ya 3. Nyonyo liendelee. Soda na juisi hapana, sukari nyingi inavuta maji kuingia utumboni. Kinyesi chenye damu na ute kama jeli, na matapishi ya kijani, hiyo si rota tena. Utumbo unaweza kuwa umejikunja, apelekwe kwa daktari wa upasuaji.

MamaLulu_Nyegezi #12

Tetekuwanga na ule wa vipele vya mikono, miguu na mdomo, niwarudishe lini darasani?

TabibuNyamagana #13

Tetekuwanga: malengelenge yanatoka kwa awamu, kwa hiyo sehemu moja ya mwili ina kipele kipya, chenye maji, na kilichokauka kwa pamoja, na yamejaa kiwiliwili kuliko viganja. Arudi vyote vikishakuwa magamba, kwa kawaida siku 5 hadi 7. Vipele vyote vikiwa hatua moja, vigumu, vyenye kitovu katikati, vimejaa usoni na viganjani, na tezi zimevimba, toa taarifa ya mpox siku hiyohiyo.

Wa mikono, miguu na mdomo ni virusi vya kokisaki. Asirudi akiwa na homa au anatoa mate kwa vidonda. Vinabaki kwenye kinyesi kwa wiki kadhaa, kwa hiyo kunawa baada ya choo ni lazima hata akipona. Mwezi mmoja au miwili baadaye kucha zinaweza kung'oka. Hazihitaji dawa ya fangasi, zitaota nyingine.

ClinicianMagu #14

Kuna uvimbe mmoja nao mnaupotosha: matubwitubwi. Ya kweli yanavimba mbele na chini ya sikio, yanasukuma ncha ya sikio juu na nje, yanauma akitafuna, na yanaisha ndani ya siku 10 hivi. Chanjo yake haimo kwenye ratiba yetu, tutaendelea kuyaona.

Uvimbe wa taya usiouma sana, meno yanalegea, unaongezeka ukitazama leo na keshokutwa, kwa mtoto wa miaka 4 hadi 9, hiyo ni limfoma ya Burkitt, saratani ya seli za kinga, hadi ithibitike vinginevyo. Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Kampala, ng'ambo ya ziwa hilihili, na mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakaona ndani yake kirusi kinachobeba majina ya Epstein na Barr. Karibu kila mtoto wa huku anakipata akiwa mdogo bila dalili. Malaria ya mara kwa mara ndiyo inayozichokoza seli B zenye kirusi hicho mpaka moja inapoteza breki. Seli zake zinaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku 1 hadi 2. Kung'oa jino na kuandika antibayotiki wiki 2 ni kuupa uvimbe muda. Mpelekeni hospitali ya Bugando, Mwanza. Uvimbe huu unaitikia dawa vizuri mno ukiwahiwa.

MhudumuWaMwalo #15

Nauliza la chanjo. Tunapokwenda kambi za uvuvi na boksi la baridi, nesi anasita kufungua chupa ya surua ya dozi 10 kwa watoto 2. Anasema zitaharibika 8.

NesiWaKisiwani #16

Ifunguliwe hata kwa mtoto 1, kaka. Dozi 8 zikimwagwa zinaagizwa nyingine, wavuvi wakihamia mwalo mwingine hutawapata tena.

Chupa ya unga ya surua na rubela haidhuriki na barafu, ila ampuli ya maji yake ya kuchanganyia inapasuka ikigandishwa. Tumia maji ya mtengenezaji huyohuyo, na yawe yamekaa kwenye baridi nyuzi 2 hadi 8 tangu jana, kwa sababu maji ya moto yanaua kirusi. Ukishachanganya andika saa kwenye kibandiko. Baada ya saa 6 au kliniki ikifungwa, kinachotangulia, mwaga, maana haina kihifadhi na bakteria wanaota ndani. Mwanga wa jua nao unaiua, iweke kwenye sponji la boksi, si mezani.

Pakiti za barafu ziache nje mpaka ukizitikisa usikie maji ndani, ndipo uzipange. Ndani ya boksi hilohilo kuna chanjo ya pentavalenti (ya magonjwa matano kwa pamoja) ya wale wa wiki 6, na hiyo ikiganda imekufa, hata kama kibandiko cha joto bado kinaonekana kizuri.

MhudumuWaMwalo #17

Sawa dada, safari ya kisiwa cha Ukara wiki ijayo tutafungua.